Kivinjari kikiganda wakati wa kuchapa, msikimbilie kufuta Linux

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa vijijini, leo naweka pembeni habari za viwavijeshi. Nataka tuzungumze juu ya printa.

Katika ofisi za vikundi na maduka ya huduma ninayopitia, kompyuta nyingi ni za mtumba, na kadiri siku zinavyokwenda nyingi zaidi zinaendesha Linux, hasa Ubuntu na Linux Mint. Mimi naliunga mkono jambo hilo. Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani. Laptopu ambayo ingeishia kuwa meza ya kuwekea daftari la mahudhurio inapata miaka mingine kadhaa ya kazi, bila kulipia leseni na bila Windows ya wizi iliyojaa virusi.

Lakini kuna lalamiko moja ninalokutana nalo kila mara. Katibu amefungua ukurasa kwenye Firefox, anabonyeza Ctrl na P ili achape, na kivinjari kinaganda. Dirisha linapauka, kipanya kinazunguka, hakuna kinachobonyezeka. Anasubiri, anabonyeza tena, anabonyeza kwa hasira, mwisho anazima mashine kwa kitufe. Ikitokea mara ya tatu ananiambia: "Bwana shamba, hii Linux imetushinda. Tunamwita fundi atupigie Windows."

Msimamo wangu ni kwamba fundi huyo hatakiwi. Mara nyingi Linux haina kosa, na kivinjari chenyewe hakijaharibika. Kinamsubiri mtu ambaye hayupo. Na ofisi yoyote inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari, iwe kwa Linux au Windows, inacheza na nauli za watu.

Nasema nauli kwa sababu karatasi imekwisha kuingia shambani. Stakabadhi ya ghala, ankara yenye kumbukumbu namba ya malipo, fomu ya usajili wa mkulima, orodha ya wanachama wanaosubiri mbolea ya ruzuku: vyote hivyo siku hizi vinatoka kwenye tovuti, na mtu anataka kuondoka navyo mkononi. Mama aliyepanda bodaboda kutoka kitongoji cha mbali akiambiwa "mashine imegoma, rudi kesho", kesho analipa nauli ileile tena. Hatari kubwa zaidi ni ile ambayo watu hawaifikirii. Ukurasa wa malipo au wa maombi ukiganda kabla ya kuchapwa, ukaufunga kwa nguvu na kuufungua upya, si kila tovuti inakurudisha pale ulipokuwa. Nyingine zinakutaka ujaze upya. Ukijaza upya umetengeneza ombi la pili, au ankara ya pili yenye namba nyingine, na sasa hakuna anayejua ipi ilipwe. Nimeona watu wazima wakibishana kaunta kwa jambo hilo, na wote wawili walikuwa na karatasi halali.

Kivinjari kinamsubiri nani?

Unapobonyeza Ctrl na P, kivinjari hakichapi papo hapo. Kwanza kinaandaa picha ya kurasa zitakavyokuwa, ile unayoiona kwenye dirisha la kuchapa. Pili, kinauliza kuna printa gani, na ile iliyochaguliwa ina uwezo gani: karatasi ya A4 au nyingine, rangi au nyeusi tupu, upande mmoja au pande mbili. Kwenye Linux anayejibu maswali hayo ni programu iitwayo CUPS. Ndiyo karani wa uchapaji. Inapokea kazi kutoka kwa programu zote, inazipanga foleni na kuzipeleka kwenye printa moja baada ya nyingine. Iliandikwa na Mmarekani Michael Sweet miaka ya 1990 mwishoni, na ndiyo hiyohiyo inayochapa kwenye kompyuta za Apple hadi leo. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba uchapaji wa Linux ni kitu cha kuungaunga.

Shida inaanzia kwenye kumbukumbu. Firefox hukumbuka printa uliyoitumia mara ya mwisho. Sasa laptopu ya kikundi ilipelekwa makao makuu ya wilaya kwenye mafunzo, ikaunganishwa na printa ya huko kwa Wi-Fi, ikachapa vyeti. Imerudi kijijini. Siku ya mnada katibu anabonyeza Ctrl na P, na kivinjari kinakwenda kumuuliza karani habari za printa iliyoko kilomita themanini. Karani anapiga hodi kwenye anwani ya namba ambayo kijijini haipo. Hakuna anayeitikia, na kivinjari kinakaa mlangoni mpaka kikate tamaa. Kwako wewe hiyo ndiyo "kuganda".

Si lazima hata usafiri. Printa ya Wi-Fi hupewa anwani ya namba na ruta. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuigawia printa anwani nyingine, wakati kompyuta bado inaitafuta kwenye ile ya zamani. Vijijini kwetu umeme unakatika mara ngapi kwa wiki mnajua wenyewe. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuihifadhia printa anwani moja ya kudumu, au, kama printa iko meza moja na kompyuta, kuachana na Wi-Fi na kutumia waya wa USB. Mimi kwa ofisi ndogo napendelea waya. Hautamaniki kwa macho, lakini hausahau njia.

Tambua kwanza, tibu baadaye

Kama vile huwezi kumwaga dawa ya ukungu kwenye nyanya iliyonyauka kwa kiu, usianze kubofyabofya kabla hujajua kilichoganda ni nini. Tazama mambo mawili. Je, kompyuta nzima imekuwa nzito, au ni dirisha la kivinjari tu? Na je, programu nyingine inachapa?

Kama kompyuta nzima imelala, kipanya kinakwenda kwa kuruka na taa ya diski inawaka bila kupumzika, hapo tatizo si printa. Ni kumbukumbu ya mashine kujaa. Ukurasa mrefu, tuseme orodha ya wanachama mia kadhaa yenye picha, unapoandaliwa kuchapwa unatafuna kumbukumbu nyingi, na laptopu yenye GB 2 au 4 na vichupo ishirini vilivyo wazi inazidiwa. Funga vichupo vingine. Chapa kurasa chache chache kwa kuandika 1-5, halafu 6-10. Kama tovuti ina kitufe cha kupakua orodha kama faili, kitumie hicho badala ya kuchapa ukurasa.

Kama ni dirisha la kivinjari tu lililoganda na mengine yanakwenda vizuri, usiue kitu kwanza. Subiri dakika mbili kwa saa, si kwa hasira. Mara nyingi kivinjari kikimaliza kusubiri kinarudi chenyewe, na ukurasa wako wa malipo unakuwa salama. Wakati unasubiri, fungua dirisha la amri, linaloitwa Terminal, na uandike:

lpstat -t

Amri hii inamuuliza karani wa CUPS hali ya kila kitu: yuko kazini au la, printa zipi anazijua, ipi ni ya kawaida, ziko anwani gani, na kazi zipi ziko kwenye foleni. Majibu yakitoka mara moja, karani ni mzima. Nayo ikikaa kimya bila jibu, basi umempata mwenye kosa: ni karani, au printa anayoitafuta, na kivinjari umekionea bure. Tazama mistari ya anwani. Ikianza na usb, printa ni ya waya. Ikianza na ipp au socket ikifuatiwa na namba kama 192.168.1.50, ni ya mtandao. Andika ping ikifuatiwa na namba hiyo uone kama inaitikia. Kukata ping bonyeza Ctrl na C.

Ukiona printa imeandikwa disabled, maana yake CUPS imeisimamisha, pengine kwa sababu kazi fulani ilishindikana huko nyuma: karatasi ilikwama, au waya ulichomoka. Ukishaondoa sababu yenyewe haitoshi, lazima uiamshe kwa cupsenable ikifuatiwa na jina la printa. Na foleni iliyojaa kazi za tangu wiki jana ifute yote kwa cancel -a kabla hujaiamsha. Hili la mwisho usilirukie. Kila mtu aliyebonyeza Print mara tano kwa hasira ameacha kazi tano kwenye foleni, na siku printa ikizinduka inazitoa zote. Rimu ya karatasi si bei ya mchezo.

Asiyependa amri ana njia ya kipanya. Kwenye kivinjari chochote andika localhost:631 pale juu pa anwani. Huo ni ukurasa wa CUPS yenyewe, uko ndani ya kompyuta yako na hauli bando. Humo utaona printa zote na foleni zake, na ile printa ya wilayani unaweza kuifuta moja kwa moja. Itakuomba jina na nywila ya mtumiaji mwenye mamlaka kwenye kompyuta hiyo. Kufuta printa zisizokuwepo ndiyo kazi ndogo yenye faida kubwa kuliko zote nilizozitaja. Printa moja ya kweli kwenye orodha inatosha.

Karani akikwama kabisa, mwanzishe upya:

sudo systemctl restart cups

Na kama lpstat inajibu vizuri, LibreOffice inachapa vizuri, ila Firefox peke yake ndiyo inaganda kila ukibonyeza Ctrl na P, basi ndiyo zamu ya kukigusa kivinjari. Kifungue, andika about:config pale pa anwani, kubali onyo, tafuta neno print_printer, kisha bofya alama ya kurudisha au kufuta iliyo upande wa kulia wa mstari huo. Hapo umeisahaulisha Firefox ile printa ya zamani. Funga na ufungue upya. Kwa Chrome na Chromium, kama kinachoganda ni ile picha ya awali, bonyeza Ctrl, Shift na P kwa pamoja. Inakupeleka kwenye dirisha la kuchapa la mfumo wenyewe bila kupitia picha hiyo. Usiijaribu njia hiyo kwenye Firefox, kule vitufe hivyo vinafungua dirisha la faragha.

Hayo yote hayafiki nusu saa kwa mtu anayesoma polepole. Kumpigia Windows kompyuta kunachukua siku nzima, kunakugharimu pesa, na mafaili ya kikundi yakifutwa kwa bahati mbaya hakuna wa kumlaumu. Halafu printa ya wilayani bado haitakuwepo kijijini.

Kanuni ninayoitaka kila ofisi iifuate

Sasa nasema lile ninaloliamini zaidi: kivinjari kisitumike kuchapa. Kitumike kuhifadhi. Ukipata ankara, stakabadhi au fomu kwenye tovuti, jambo la kwanza ni kuihifadhi kama PDF. Bonyeza Ctrl na P, na pale pa kuchagua printa chagua Save to PDF kwenye Firefox, au Save as PDF kwenye Chrome. Ipe jina linaloeleweka, kama vile ankara-mbolea-12-machi. Baada ya hapo ndipo ufungue faili hilo kwa programu ya kusomea PDF na kuchapa. Anayependa amri anaandika lp -n 2 na jina la faili, nakala mbili zinatoka.

Faida ya kwanza mmeshaiona: printa ikigoma, karatasi ya mama wa bodaboda haijapotea. Unaweza kumtumia kwa WhatsApp, au ukabeba faili kwenye flashi hadi duka la jirani lenye printa nzima. Faida ya pili haionekani kwa haraka. Firefox ikikumbuka kwamba mara ya mwisho ulichagua Save to PDF, mara nyingine inafungua dirisha ikiwa tayari kwenye PDF, na haina sababu ya kuanza kwa kuihoji printa iliyozimwa. Kanuni hiyo yenyewe inapunguza kuganda.

Nimepingwa kwa hili, na hoja moja ina uzito. Mama mmoja mwenye duka la huduma, ambaye kwa siku anahudumia watu wengi kuliko ofisi ya kata, aliniambia: "Bwana shamba, ukihifadhi kila kitu, mwisho wa wiki kompyuta yangu ina namba za NIDA za kijiji kizima. Ikiibwa je?" Ana haki. Folda ya Downloads ya duka la huduma ni ghala la siri za watu: vitambulisho, namba za simu, mikopo. Jibu langu ni kutengeneza folda moja ya kazi za wateja na kuifuta yote kila jioni kabla ya kufunga duka, pamoja na kumwaga takataka, yaani Trash, kwa sababu faili lililoko kwenye takataka bado lipo. Nyaraka za kikundi chenyewe ni jambo jingine, hizo zitunzwe na ziwe na nakala kwenye flashi anayokaa nayo mweka hazina. Mteja wa dukani hana sababu ya kulala kwenye kompyuta yako.

Hoja nyingine, kwamba kuhifadhi kwanza kunachelewesha foleni siku ya mnada, siikubali. Ni sekunde kumi. Foleni inacheleweshwa na mtu anayezima kompyuta kwa kitufe na kuiwasha upya.

Kuna jambo moja la usalama ambalo watu wa Linux walilisikia Septemba 2024. Kuna programu ndogo iitwayo cups-browsed, kazi yake ni kuzitafuta printa za mtandaoni na kuziongeza kwenye orodha bila wewe kuomba. Mtafiti Simone Margaritelli alionyesha kwamba mtu mbaya aliweza kuitumia kuipachikia kompyuta yako printa ya uongo, na kupitia hiyo kuendesha amri zake. Marekebisho yalitolewa, kwa hiyo sasisha mfumo wako ukipata bando la kutosha. Lakini ofisi yenye printa moja ya waya haina haja ya programu hiyo kabisa. Izime:

sudo systemctl disable --now cups-browsed

Unaziba mlango wa mwizi, na papo hapo unapunguza printa ngeni zinazojichomeka kwenye orodha na kukifanya kivinjari kisubiri. Ofisi ya wilaya yenye printa sita za mtandao wamuulize kwanza mtu wao wa TEHAMA.

Sitaki mtu afikiri naisifu Linux kwa upofu. Zipo printa zinazosumbua humo. Baadhi ya zile ndogo za laser za HP zilizojaa kwenye maduka yetu, kama LaserJet P1102, zinahitaji kipande cha ziada cha programu ambacho hakiji na Linux yenyewe, na kipande hicho lazima kilingane na toleo la programu ya HPLIP iliyomo kwenye mashine. Ukisasisha Linux, HPLIP inapanda toleo, kipande kinabaki nyuma, na printa iliyokuwa nzima jana leo haitoi kitu. Unaandika hp-plugin kwenye Terminal ukiwa na intaneti, kinapakuliwa kipya, na kazi inaendelea. Na zile printa za risiti za karatasi nyembamba zisizo na jina, zinazouzwa na CD ya Windows tu, kwa kweli mimi nisingemshauri mtu wa Linux azinunue hata kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo anayekwenda mjini kununua printa ya kikundi mwezi huu, abebe laptopu yenyewe. Muuzaji aichomeke mbele yake, ichapwe karatasi moja ya PDF na moja kutoka LibreOffice, kabla pesa haijatoka mfukoni. Kama ni printa mpya, tazama kwenye boksi kama imeandikwa AirPrint. Zenye uwezo huo Linux za sasa huzitambua bila kuwekewa programu yoyote. Muulize na bei ya tona kabisa, kwa maana printa ya bei ndogo yenye tona ya bei kubwa nimeikuta kabatini kwenye vikundi vitatu mwaka huu, imefunikwa kitambaa kizuri cha kudarizi.